Vijitabu vya Senti Kumi

Hakuna shahidi wa historia anayedharauliwa kama karatasi ya bei rahisi. Mnara wa mawe hulindwa, upanga wa mfalme hutundikwa ukutani, na hati ya mkataba hufungiwa sandukuni kwa kufuli. Lakini gazeti la jana hufungiwa nyama, na kijitabu cha mtoto hutupwa jaani siku mtoto mwenyewe anapoanza kuota ndevu. Walakini vitu hivi vinyonge ndivyo vinavyotuambia mara nyingi kweli juu ya watu waliotutangulia: jambo gani liliwachekesha, jambo gani liliwatisha, nani walimhesabu kuwa shujaa na nani walimhesabu kuwa adui. Katika insha hii nataka kueleza habari za vitu vya namna hiyo, yaani vijitabu vya katuni vya Marekani, na hasa picha za majalada yake: jinsi zilivyochorwa, jinsi zilivyoangamizwa, na jinsi zilivyookolewa na watu wachache waliozipenda wakati walipokuwa wakichekwa kwa kuzipenda.

Mwanzo wa vijitabu hivi ulikuwa biashara tupu. Magazeti ya Marekani yalikuwa na desturi ya kutoa kurasa za katuni za rangi kila Jumapili, na mitambo iliyochapa kurasa hizo haikupenda kulala bure siku nyingine. Mwaka 1933 kampuni moja ya uchapaji yenye mtambo wake katika mji wa Waterbury, jimbo la Connecticut, ilichukua katuni zilizokwisha kutoka magazetini, ikazipunguza ukubwa, ikazikunja na kuzishona ziwe kijitabu. Mara ya kwanza vijitabu hivyo vilitolewa bure, viwe zawadi ya kuwavuta watu wanunue bidhaa za viwandani kama sabuni. Mtu mmoja wa biashara hiyo, Maxwell Gaines, alitaka kujua kama watoto wangekubali kuvilipia. Inasimuliwa kwamba alibandika kijikaratasi cha senti kumi juu ya nakala chache, akaziacha katika vibanda vya magazeti, na aliporudi zilikuwa zimekwisha. Mwaka 1934 kijitabu kiitwacho Famous Funnies kikaanza kuuzwa kwa senti kumi. Zama zile zilikuwa za dhiki kubwa ya uchumi, na senti kumi hazikuwa kitu cha kuchezea. Lakini mtoto aliyezipata alipewa kwa fedha hiyo kurasa zaidi ya sitini za rangi.

Mwaka 1938 vijana wawili wa mji wa Cleveland, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora, wana wa familia za Kiyahudi zilizohama Ulaya, walimpata mchapishaji wa hadithi ambayo wengi walikuwa wameikataa. Ilitokea katika toleo la kwanza la Action Comics, lenye tarehe ya Juni 1938. Jalada la toleo hilo leo linajulikana dunia nzima. Mtu mwenye nguo za samawati na joho jekundu ameinua motokaa ya kijani juu ya kichwa chake, naye anaipigiza mwambani. Vipande vinaruka, na mtu mmoja aliye mbele anakimbia hali amejishika kichwa kwa fadhaa. Hapana neno lolote jaladani la kueleza huyu mwenye nguvu ni nani, wala kama ni mwema au ni mwovu. Mtoto aliyetaka kujua alilazimika kutoa senti zake. Inasimuliwa kwamba mwenye kampuni alipoiona picha hiyo aliihesabu kuwa upuuzi. Na ni kweli kwamba shujaa yule, Superman, hakuonekana katika majalada matano yaliyofuata. Alirudishwa katika toleo la saba, ilipokwisha dhihirika kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitafutwa na wanunuzi.

Je, vijana wale wawili walipata nini? Kwa haki yote ya kummiliki Superman walilipwa dola 130. Kampuni ilitajirika, filamu zikapigwa, wanasesere wakauzwa. Na wabunifu walipodai haki yao mahakamani walishindwa, na hata majina yao yakaondolewa katika kazi waliyoibuni. Iliwapasa kungoja hadi mwaka 1975, walipokuwa wazee, Shuster akiwa na macho mabovu, ndipo kampuni ilipokubali kuwapa posho ya kila mwaka na kuyarudisha majina yao. Jambo hili msomaji alishike vizuri, kwa sababu litarejea mbele katika habari hizi kwa sura nyingine.

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jalada la kijitabu cha katuni lilikuwa na kazi zote mbili: kujiuza na kujitembeza. Katika kibanda cha magazeti vijitabu vilipangwa kwa wingi, kimoja kikifunika nusu ya kingine, hata pengine sehemu iliyoonekana ilikuwa ya juu tu. Kwa hiyo jina liliandikwa juu kabisa kwa herufi nene, na rangi zilichaguliwa zipigane na rangi za majirani. Karatasi ya jalada ilikuwa laini yenye kung'aa, tofauti na karatasi za ndani zilizokuwa za gazeti, nyepesi na za kukwaruza. Rangi zenyewe zilitoka katika wino wa namna nne tu, samawati, waridi, manjano na nyeusi. Nukta ndogo ndogo za wino huo zilikaribiana, na jicho la mtazamaji likamaliza kazi kwa kuzichanganya. Mchoraji alikuwa na nafasi moja na nukta ya wakati: mtoto apite, ageuze kichwa, asimame.

Biashara hii ilizaa desturi za ajabu. Mwaka 1951 toleo moja la Strange Adventures lilitoka na picha ya gorila mwenye akili za binadamu, likauzwa kupita kiasi. Wahariri hawakujua kwa nini, lakini waliona faida, wakaagiza gorila wengine. Na kwa miaka mingi magorila walijaa katika majalada, wengine wakipigana na mashujaa, wengine wakivaa taji za ufalme. Mara nyingine picha ya jalada ilichorwa kwanza, nayo ikiwa ya kitendawili kisichowezekana, kisha mwandishi akaitwa na kuambiwa atunge hadithi ya kukitegua. Hapa mkia ulimtikisa mbwa. Lakini kutokana na shida hiyo zilitoka hadithi zenye werevu mwingi.

Pamoja na uuzaji, majalada yalisema mambo mazito ambayo pengine watu wazima walikuwa wakiyanong'ona. Mnamo Desemba 1940 kilitokea vibandani kijitabu cha kwanza cha Captain America, chenye tarehe ya Machi 1941, maana wachapishaji walizoea kutanguliza tarehe ili kijitabu kisionekane kimechakaa upesi. Jaladani shujaa aliyevaa rangi za bendera ya Marekani anampiga Adolf Hitler ngumi ya taya. Wakati huo Marekani ilikuwa haijaingia vitani. Iliingia mwaka mmoja baadaye, na raia wengi walikuwa wakipinga kujitia katika ugomvi wa Ulaya. Waliobuni shujaa huyo, Joe Simon na Jack Kirby, walikuwa Wayahudi, na walijua vema nini kinawapata ndugu zao ng'ambo ya bahari. Simon alisimulia baadaye kwamba ofisi yao ilipokea vitisho hata ikabidi kuwekewa ulinzi wa polisi. Mwaka 1944 Kirby mwenyewe alipelekwa Ufaransa akiwa askari, akapigana kwa bunduki na watu wale wale aliokuwa amewapiga kwa kalamu.

Haitupasi, hata hivyo, kudhani kwamba majalada yote yalisema kweli au haki. Vita vilipopamba, Wajapani walichorwa wana meno ya mnyama na makucha, wasionekane kuwa binadamu. Na tangu mwaka 1940 palikuwa na kijitabu kiitwacho Jungle Comics, na vingine vya jamii yake, vilivyodai kuonyesha Afrika. Afrika hiyo haikuwa na miji, wala masoko, wala bandari, wala vitabu. Ilikuwa msitu mtupu, na ndani ya msitu Mzungu aliyevaa ngozi ya chui akitawala, na Mwafrika ama anamshambulia kwa mkuki ama anangoja kuokolewa naye. Wachoraji wengi wa picha hizo hawakupata kufika bara hili. Mikono yao ilikuwa na ustadi, ila macho yao yalikuwa ya kuazima. Anayekusanya majalada hayo leo hana budi kuyatazama kwa macho mawili: kwa jicho moja aone uzuri wa mstari na rangi, na kwa jicho la pili aone uongo uliobebwa na uzuri huo. Kuufumbia macho uongo kwa ajili ya uzuri ni udhaifu. Na kuuchoma uzuri kwa ajili ya uongo ni kupoteza ushahidi wa kosa.

Palitokea watu waliojaribu kuchora picha nyingine. Mwaka 1947 mwandishi wa habari Mmarekani mweusi wa mji wa Philadelphia, Orrin C. Evans, alitoa kijitabu kiitwacho All-Negro Comics, kilichoandikwa na kuchorwa na watu weusi peke yao, kwa bei ya senti kumi na tano. Ndani yake mlikuwa na mpelelezi mweusi mwenye akili na heshima, na mwanasayansi mweusi aitwaye Lion Man aliyepelekwa kulinda mlima wa thamani katika Gold Coast, nchi ambayo miaka kumi baadaye ilipata uhuru ikaitwa Ghana. Toleo la pili lilitayarishwa lakini halikutoka, kwa sababu wauzaji wa karatasi walikataa kumwuzia Evans karatasi. Kijitabu hicho kimoja kikabaki yatima, na leo ni adimu sana. Siku hizo hizo alikuwapo Matt Baker, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1921, ambaye ni miongoni mwa wachoraji wazuri wa majalada wa kizazi chake. Alichora wanawake na vijana kwa mistari laini iliyotiririka, na wanunuzi waliipenda kazi yake. Lakini jalada halikusema rangi ya mkono ulioichora. Alikufa mwaka 1959 kwa ugonjwa wa moyo, hata hajatimiza miaka arobaini.

Sasa tuje kwenye maangamizi. Adui wa kwanza wa vijitabu hivi hakuwa mwovu: ilikuwa haja. Katika vita vya pili vya dunia serikali ya Marekani iliwaomba wananchi wakusanye karatasi kuukuu zisagwe na kutumiwa tena, na watoto, wakijiona nao ni askari, wakatoa vijitabu vyao kwa malundo. Adui wa pili alikuwa desturi ya biashara. Vijitabu visivyouzwa vilirudishwa kwa mchapishaji. Na ili kupunguza gharama ya uchukuzi, muuzaji aliweza kuchana jalada, au kipande cha juu chenye jina, akarudisha hicho tu, na kijitabu chenyewe kikatakiwa kiharibiwe. Kwa hiyo hata vile vilivyonusurika, vingine vimetufikia vikiwa uchi, bila majalada. Adui wa tatu alikuwa mama mwenye nyumba safi, ambaye kijana wake alipokwenda chuoni au jeshini alifagia chumba na kutupa kila kilichoonekana cha kitoto. Si haki kumlaumu mama huyo, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anafagia fedha na historia.

Adui wa nne alikuwa hofu, na huyu alikuja na kibiriti. Baada ya vita, watu wengi wazima waliingiwa na wasiwasi kwamba hadithi za uhalifu na mazimwi ndizo zilizowaharibu vijana. Mwaka 1948, katika mji wa Spencer, West Virginia, na katika mji wa Binghamton, New York, wanafunzi walikusanya vijitabu vya katuni wakavirundika na kuvitia moto mbele ya walimu wao. Yalikuwa hayajapita miaka mingi tangu dunia iliposhangaa kuona vitabu vikichomwa Ujerumani. Mwaka 1954 daktari wa maradhi ya akili wa New York, Fredric Wertham, alitoa kitabu cha kuvishitaki vijitabu hivyo, ndani yake akichapa picha za majalada kadhaa ziwe ushahidi, mojawapo likiwa jalada la Matt Baker. Mwaka huo huo kamati ya Baraza la Seneti ilikaa kusikiliza mashauri. Tarehe 21 Aprili alisimama mbele yake William Gaines, mwana wa yule Maxwell aliyebandika vijikaratasi vya senti kumi. Seneta Kefauver alimwonyesha jalada la kijitabu chake, lenye picha ya mtu mwenye shoka mkono mmoja na kichwa cha mwanamke mkono wa pili, akamwuliza kama picha hiyo ni ya adabu. Gaines alijibu kwamba kwa kijitabu cha kutisha ni ya adabu, akaongeza kueleza namna ambavyo ingeweza kuwa mbaya zaidi. Jibu lake lilichapwa magazetini, na kazi yake ikaanza kuporomoka.

Wachapishaji, wakiogopa sheria, walijitungia kanuni wenyewe. Tangu mwishoni mwa 1954 kijitabu kilichokubaliwa kilipigwa muhuri juu ya jalada, na wauzaji wengi wakakataa kuuza kisicho na muhuri huo. Maneno ya kutaja vitisho yalipigwa marufuku katika majina ya vijitabu, na wachoraji wengi wakakosa kazi. Pengine kanuni zilizuia machukizo ya kweli, na mzazi hana kosa kutaka kujua mtoto wake anasoma nini. Lakini tazama zilivyoweza kutumika. Gaines alitaka kuchapa tena hadithi ya mwaka 1953 juu ya mjumbe wa dunia aliyezuru sayari ya watu wa chuma. Wa rangi moja waliwanyima haki wenzao wa rangi nyingine, na mjumbe akahukumu kwamba hawajafaa kujiunga na jamii ya sayari zilizostaarabika. Katika picha ya mwisho anavua kofia yake ya safari, na msomaji anaona kwamba mjumbe huyo ni mtu mweusi. Mkuu wa kanuni alidai mtu huyo asiwe mweusi. Gaines alikataa katakata, akaichapa hadithi ilivyo mwanzoni mwa 1956; kisha akaacha kutoa vijitabu vya katuni, akabaki na gazeti lake la mzaha, MAD.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba Wertham hakuwa mtu mbaya. Alisaidia kufungua zahanati Harlem mwaka 1946 kuwatibu watu maskini, wengi wao weusi, na uchunguzi wake ulitumika katika mashauri ya kupinga ubaguzi shuleni. Lakini nyaraka zake zilipofunguliwa kwa watafiti mwaka 2010, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Carol Tilley, alizisoma moja moja, na mwaka 2012 akaonyesha kwamba daktari huyo alikuwa amepunguza, amechanganya na kugeuza maneno ya vijana aliowachunguza, ili yakubaliane na shabaha yake. Nia njema haikumzuia kuupinda ushahidi. Mwaka 2011 wachapishaji wa mwisho waliokuwa wakitumia muhuri ule waliuacha, nao ukafa usipate hata mtu wa kuulilia.

Katikati ya maangamizi hayo walikuwako waokoaji. Mwaka 1961 mhadhiri wa chuo katika mji wa Detroit, Jerry Bails, alianza kutoa kijarida cha wapenzi wa katuni. Wakajuana kwa barua, wakaandika orodha za matoleo, wakabashiri nani alichora jalada lipi kwa kutazama namna anavyochora vidole au mikunjo ya nguo, maana kazi nyingi hazikuwa na saini. Mwaka 1964 mkutano mdogo ulifanywa New York, na mwaka 1970 Robert Overstreet akatoa kitabu cha bei. Wakati huo Kirby, aliyempiga Hitler, alikuwa akijaza majalada kwa mashujaa wapya. Mwaka 1966 yeye na Stan Lee walimleta Black Panther, mfalme wa nchi ya kubuni ya Wakanda, yenye elimu kuishinda Ulaya. Jaladani uso wake umefunikwa wote kwa kinyago, hata mnunuzi asingeweza kujua kwa kutazama tu kwamba shujaa huyo ni Mwafrika. Ilimpasa afungue ndani.

Lakini mwokoaji ninayemwona kuwa bora hakuhudhuria mkutano wowote. Alikuwa mzee wa jimbo la Colorado, mchoraji wa matangazo ya biashara, ambaye kwa miaka mingi alinunua vijitabu kwa sababu alipenda michoro yake na kujifunza kwayo. Alivipanga safu juu ya safu katika chumba chenye giza, penye baridi na hewa kavu, wala hakuvichezea. Mwaka 1977 jamaa zake walipokuwa wakiondoa vitu vya nyumba, mfanyabiashara mmoja aliitwa avitazame, akakuta baina ya vijitabu 18,000 na 22,000, vingi vikiwa na rangi mbichi kana kwamba vimetoka mtamboni juzi. Mkusanyo huo huitwa Mile High, na hadi leo ni kipimo cha uzuri. Mzee yule hakuweka akiba ya fedha. Aliweka akiba ya mapenzi, na fedha ikaja yenyewe nyuma yake.

Fedha yenyewe imekuwa nyingi hata akili huchoka. Mwaka 2014 nakala ya toleo lile la kwanza la Action Comics iliuzwa kwa dola milioni 3.2, na mwaka 2024 nyingine kwa dola milioni 6. Mnamo Novemba 2025 toleo la kwanza la Superman, la mwaka 1939, lililokutwa na ndugu watatu darini mwa nyumba ya mama yao huko California chini ya magazeti makuukuu, lilinadiwa kwa dola milioni 9.12. Na kuna karatasi nyingine yenye kuhuzunisha. Hundi ile ya mwaka 1938, ambayo ndani yake zilikuwamo dola 130 za kumnunua Superman, iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Karatasi ya kuthibitisha dhuluma ilipata bei kubwa mara elfu kuliko walivyopata waliodhulumiwa.

Utajiri huu umeleta desturi mpya. Tangu mwaka 2000 kuna wataalamu wanaokipima kijitabu, wakakipa alama kutoka 0.5 hadi 10, kisha wakakifungia ndani ya kisanduku cha plastiki angavu kisifunguliwe tena. Kwa njia hii jalada huonekana daima, nalo husalimika na vidole. Lakini kurasa za ndani hazisomwi na mtu. Waswahili walisema zamani: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kijitabu kisichofunguliwa kimekuwa mlango usio na nyumba. Simlaumu anayekihifadhi, ila namhurumia anayekimiliki bila kukijua.

Kijana anayetaka kukusanya hahitaji mamilioni. Ajue kwamba karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa, nayo huzaa asidi inayoifanya iwe ya manjano na kuvunjika kama jani kavu. Jua, joto, unyevu na wadudu huharakisha kifo chake. Kwa hiyo anawe mikono, avae kila kijitabu mfuko safi wa plastiki usio na kemikali, atie nyuma yake kadi isiyo na asidi, akisimamishe sandukuni mahali pakavu penye giza. Zaidi ya hayo, ajizoeze kutazama. Akishika jalada ajiulize: jicho langu lilikwenda wapi kwanza, na kwa nini? Nani ana nguvu katika picha hii, na nani hana sura? Je, picha inaahidi kitu ambacho hadithi haikitoi? Mwaka wake ulikuwa upi, na watu wa mwaka huo walikuwa wakiogopa nini? Na mwisho aulize jina la mchoraji, hata kama halikuandikwa.

Wala asidhani kwamba hazina kama hizo ziko Marekani peke yake. Katika miaka ya 1950 Edward Gitau alianza kumchora Juha Kalulu, na kizazi baada ya kizazi cha Wakenya kilicheka pamoja naye katika magazeti ya Kiswahili. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha Nairobi gazeti la Joe, ambalo majalada yake yalionyesha maisha ya mtu wa kawaida wa mji, shida zake na mzaha wake, bila ngozi ya chui wala msitu wa kubuni. Humo Mwafrika hakuwa anangoja kuokolewa. Alikuwa anangoja mwisho wa mwezi. Nakala ngapi za kazi hizo zimesalia majumbani, na ngapi zimefungiwa nyama? Mtu akikuta moja katika sanduku la babu yake, asiulize kwanza itapata shilingi ngapi. Aifute vumbi, aandike mwaka wake na jina la mchoraji wake, aisome, kisha aitie mahali pakavu.